Kasha la Rangi ya Bihogo

Jumanne tarehe 18 Oktoba 2022, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mzee mmoja alikuwa amesimama mbele ya karakana ya Isidore, Kitshanga, fimbo ya kuchungia katika mkono mmoja na kofia katika mkono wa pili. Mvua ilikuwa imekatika nusu saa kabla. Matope yalimfika magotini, maana pikipiki iliyomleta ilikwama mara mbili na abiria akalazimika kushuka kusukuma.

Isidore alimtambua ingawa hawakuwahi kuonana, kwa sababu paji la uso lilikuwa lile lile la Manassé. Alimwita Papa Manassé, kama watu wote walivyoendelea kumwita, akampa kiti.

Mzee huyo ni Habumugisha, mfugaji wa Muheto. Mwanawe Manassé alikuwa amekufa siku tisa kabla, Jumapili tarehe 9, katika mteremko wa barabara ya Mweso. Pikipiki yake iliteleza, na lori lililokuwa likipanda halikuweza kusimama. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alizikwa kesho yake, Muheto, kando ya mama yake.

Habumugisha alisema amekuja kwa neno moja tu. Alisikia kwamba mwanawe aliacha kazi hapa haijakwisha. Alitaka kujua ni kazi gani, na kama inaweza kumalizwa.

Isidore ni fundi wa aluminium. Anayeyusha vyuma chakavu na kutengeneza sufuria, na anaziba bido, madumu ya maziwa yaliyotoboka. Kwao ni Nyabiondo, kwenye maharagwe na muhogo. Ng'ombe anawajua kwa bido zao. Manassé alikuwa na ofisi ndogo karibu na soko, mahali pa kuchapisha barua, fomu za shule na picha. Kompyuta yake ilikuwa ndani ya kasha la chuma lililoshikwa na kutu kwa unyevu. Mwezi wa Agosti alimletea Isidore mchoro uliopimwa kwa milimita: kasha jipya la aluminium, mwili mmoja uliokunjwa na milango miwili ya pembeni, riveti kumi na nne. Bati lilitoka kwenye karoseri, yaani bodi, ya lori lililokufa.

Kuhusu rangi, Manassé alikuwa na sharti moja. Hakutaka rangi ya kupaka, kwa sababu hubanduka. Alitaka rangi iingie ndani ya chuma chenyewe. Alikuwa amesoma jinsi inavyofanyika, na Isidore, ambaye mwanzoni alidhani ni maneno ya wanafunzi, aliona kwa macho yake kwamba inafanyika. Chuma husafishwa kwa soda ya kutengenezea sabuni. Kisha hutumbukizwa katika maji yenye asidi ya betri, huku umeme wa betri za sola ukipita ndani yake kwa saa mbili. Chuma huota ngozi mpya, nyembamba, yenye vitundu visivyoonekana. Ngozi hiyo hunywa rangi ya nguo kama kitambaa kinavyoinywa. Mwisho chuma huchemshwa majini, vitundu vinafunga, na rangi haitoki tena.

Walijaribu kwa wiki tano kwenye vipande vidogo. Siku ya mwisho, Jumamosi tarehe 8 Oktoba, Isidore alimwambia achague rangi, kwa sababu vipande vya kasha vilikuwa tayari vimekatwa, vimekunjwa na kusuguliwa. Manassé alichukua daftari la kazi na kuandika mwenyewe. Alisema atarudi Jumatatu kueleza.

Isidore alilileta daftari. Mstari wa kasha la kompyuta ulisomeka hivi: *Boîtier PC, aluminium. Langi: Bihogo. M.B.*

Habumugisha aliusoma, akausoma tena. Kisha alishika ukurasa kwa vidole viwili, kama anayeogopa utachanika. Isidore alisema kwamba neno hilo hakulijua. Alikuwa akimngoja Manassé amweleze.

Mzee alimweleza. Bihogo ni rangi ya ng'ombe, nyekundu iliyoiva inayokaribia weusi, na ng'ombe mwenye rangi hiyo huitwa hivyo hivyo. Bihogo alikuwa ng'ombe wake wa kwanza, aliyepewa na baba yake siku alipooa. Zizi lote la Muheto lilitoka kwake. Alikufa kwa uzee, na ngozi yake iko kitandani mpaka leo.

Halafu alisema jambo ambalo Isidore hakuwa amemuuliza. Tangu Manassé arudi kutoka shule ya Goma, miaka minane iliyopita, hakuwahi kutaja ng'ombe hata mmoja kwa jina. Alikamua alipoombwa, alibeba bido alipoombwa, na kuondoka. Baba yake alifikiri kwamba masomo yamemfanya aone haya. Walizungumza habari za mvua na barabara.

"Kumbe alikuwa anaikumbuka ngombe yangu," alisema. "Miye nilizani amenisahau."

Isidore alisema kwamba kazi itamalizwa, lakini hawezi kupika rangi asiyoijua. Habumugisha alimtazama kuanzia viatu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo uso wake ukalegea.

"Batu ba Nyabiondo," alisema. "Ngombe munaionaka mu sosi tu."

"Na nyinyi muhogo munauonaka mu sahani, Papa. Basi tuko sawa."

Walikubaliana kwamba mzee ataleta kipande cha ile ngozi.

Alikileta Alhamisi, kimekatwa ukingoni, ukubwa wa kiganja. Isidore alikilowesha pembe moja ili aone rangi yake ikiwa na maji, akakitundika juu ya meza. Habumugisha alikataa kurudi nyumbani. Alilala kwa mtu wa kanisa lake, na kila asubuhi alikuja kukaa kwenye kile kiti.

Asidi ilimiminwa ndani ya maji, si maji ndani ya asidi. Mzee aliambiwa asogee mbali. Mlango wa kwanza uliingia Ijumaa saa nne. Mapovu madogo yalianza kupanda mara tu nyaya zilipounganishwa. Saa sita ulitolewa, ukasuuzwa kwa maji ya mvua. Haukuwa ukimeta tena kama sufuria. Ulikuwa na rangi ya kijivu iliyotulia, kijivu cha majivu ya kuni yaliyopoa. Isidore aliugeuza upande na upande, akaandika kwenye daftari: *ngozi safi, sawa.* Alimwonyesha mzee.

"Hii haiyaiva bado," alisema Habumugisha.

Isidore alikubali kwamba bado, akaenda kupasha rangi.

Ugumu ulikuwa hapo. Pakiti za rangi zinazouzwa sokoni ni zile za akina mama wanaosuka mikeka: nyekundu, kahawia, nyeusi, zambarau. Hakuna iliyofanana na ile ngozi. Kwa siku tatu Isidore alichanganya, akijaribu kwenye vipande vidogo, na kila kipande mzee alikiweka kando ya ngozi, mlangoni penye mwanga, na kukikataa. Hiki kilikuwa damu. Hiki kilikuwa matofali. Kimoja alisema ni rangi ya ng'ombe mgonjwa. Hakukasirika hata mara moja. Isidore alibaini kwamba mzee aliijua rangi moja kwa namna ambayo yeye hajui kitu chochote.

Jumanne tarehe 25, kipande cha kumi na saba kilikubaliwa. Kilikuwa sehemu tatu za kahawia, mbili za nyekundu, na nyeusi kidogo ya kushikwa kwa ncha ya kisu, dakika kumi na mbili katika maji ya moto yasiyochemka. Milango na mwili vilipikwa hivyo. Maji ya Kitshanga huchemka kabla ya kupata moto wa kutosha kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo Isidore aliviacha ndani ya maji ya mwisho dakika arobaini na tano badala ya thelathini. Jumamosi tarehe 29 kasha lilifungwa kwa riveti. Habumugisha alilipitishia kiganja juu, mgongoni, kisha ubavuni, jinsi anavyomkagua mnyama. Alilifunga ndani ya blanketi.

Tangu siku hiyo aliwaeleza watu. Alimweleza mwenye pikipiki. Aliwaeleza wachungaji waliomletea maziwa, na wazee wa kanisa waliokuja kusali nyumbani: kwamba Manassé, siku moja kabla ya kufa, aliandika jina la ng'ombe wa baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Hakuongeza kitu. Aliona kwamba inatosha.

Jumamosi tarehe 19 Novemba waliondoa matanga huko Muheto. Isidore alialikwa, akaenda. Uani palikuwa na turubai na meza yenye kitambaa cheupe; juu yake picha ya Manassé, na kando ya picha lile kasha. Baada ya sala Habumugisha alisimama na kusimulia habari ya daftari mbele ya watu wote. Alimtaja Isidore kwa jina, na watu waligeuka kumtazama.

Kayitesi, binti wa Habumugisha na dada mkubwa wa Manassé, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Ni muuguzi mjini Goma. Alikuwa amefika jana yake jioni na kasha hakuwa ameliona. Isidore alimwona akilitazama, kisha akimtazama baba yake, kisha akiinamisha kichwa. Alikiinamisha mpaka mwisho wa hotuba.

Watu walipoanza kula, alimwomba baba yake waingie katika chumba cha maziwa. Isidore aliitwa pia, kwa sababu, alisema Kayitesi, jambo hili linamhusu fundi.

Hapo inafaa kueleza desturi ya zizi hilo, ambayo Isidore aliijua siku ile. Kwa Habumugisha, jina la Bihogo halikufa pamoja na ng'ombe wa kwanza. Ndama wake jike aliyechaguliwa kuja kutangulia kundi aliitwa Bihogo, na binti wa huyo vilevile. Wa pili alikuwa mwekundu kama mama yake. Wa tatu alizaliwa kijivu, na majirani walicheka sana: Bihogo isiyo na bihogo. Jina halikubadilishwa. Mwaka 2009 Habumugisha alimpa Manassé ng'ombe huyo akiwa bado ndama. Mtoto alikuwa na miaka kumi.

Yote hayo Habumugisha aliyajua. Hakuna mtu aliyemficha kitu. Lakini aliposoma neno lile kwenye daftari alimwona ng'ombe mmoja tu, wake.

Kayitesi alitoa picha ya karatasi kutoka ndani ya Biblia. Mvulana wa miaka kumi na miwili amesimama kwenye nyasi, mkono juu ya shingo ya ng'ombe wa kijivu. Nyuma ya picha, kwa mwandiko wa mtoto wa shule: *Miye na Bihogo.*

"Papa, Bihogo yake ilikuwa hii," alisema. "Ile uliuzisha mutoto akiwa ku masomo."

Habumugisha aliishika picha. Alisema kwamba mwaka ule, 2014, ilibidi kundi lihamishwe, barabara ilikuwa mbaya, na ng'ombe watatu waliondoka siku moja na mfanyabiashara aliyepita. Aliyasema hayo taratibu, kama mtu anayejibu karani.

Kayitesi alisema anajua. Alisema pia kwamba alikuwepo Noeli ile, Manassé aliporudi na kwenda zizini kabla ya kuingia nyumbani. Aliuliza Bihogo iko wapi.

"Unakumbuka ulimujibu nini?"

Mzee aligeuza picha, akatazama maandishi ya nyuma.

"Ulisema, ngombe ni ngombe. Halafu akachukua bido, akaenda kukamua zingine."

Isidore alikuwa akiitazama picha. Rangi yake ilikuwa imefifia kidogo, lakini si sana. Kijivu cha yule ng'ombe alikijua. Ilikuwa rangi ya mlango wa kwanza ulipotoka kwenye asidi Ijumaa tarehe 21 saa sita, kabla ya kutiwa chochote. Manassé hakuhitaji pakiti yoyote ya sokoni. Alitaka kuagiza kwamba wasitie rangi. Isidore aliwaambia hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Baadaye alijiuliza kama ingefaa anyamaze. Maneno yalikuwa yameshatoka.

Habumugisha alitoka na kuwaaga wageni mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Kasha lilibaki mezani. Hakulisogelea.

Jumanne tarehe 22 Novemba, saa mbili asubuhi, alishuka kwenye pikipiki mbele ya karakana, blanketi kifuani. Alitaka rangi itolewe.

Isidore alimweleza ukweli wa kazi. Soda huitoa rangi pamoja na ile ngozi iliyoinywa, lakini haitoi hapo na kuacha. Inaendelea kula chuma. Milango haina shida. Mwili una kona nne zilizokunjwa kwa nyundo, na kwenye kona bati ni jembamba kuliko kwingine. Inaweza kutoboka. Na jambo hili linafanyika mara moja tu, si mbili. Kisha, kwa kuwa alikuwa na huruma, alisema kwamba kazi iliyopo ni nzuri, haina kasoro, na mtu anayeiangalia hatajua chochote.

"Miye najua," alisema Habumugisha.

Riveti zilitobolewa zote kumi na nne. Mlango wa kwanza ulikaa sodani sekunde hamsini. Rangi ilitoka kama wingu, maji yakawa mekundu kwa dakika moja kisha meusi, na rangi ambayo mzee aliitafuta kwa siku tatu ikabaki ndoo ya maji machafu. Mlango wa pili ulikwenda vivyo hivyo. Mzee alikaa kwenye kiti chake, picha mfukoni mwa shati. Hakuja karibu kama zamani kukagua.

Mwili ulihitaji muda mrefu zaidi, kwa sababu ndani ya mikunjo rangi ilishikilia. Isidore alihesabu kwa sauti. Kwenye sekunde ya sabini aliuvuta. Kona tatu zilikuwa nzima. Ya nne, ya chini nyuma, ilikuwa na tundu lenye ukubwa wa punje ya haragwe.

Alimwonyesha. Alisema anaweza kuliziba kwa kipande kingine, lakini kipande hicho kitatoka kwenye bati lingine na ngozi yake haitafanana. Kiraka kitaonekana daima. Habumugisha aliingiza ncha ya kidole ndani ya tundu, akakitoa. Alisema liachwe.

Vipande vilirudi kwenye asidi kimoja kimoja, saa mbili kila kimoja, siku hiyo na kesho yake. Jumatano saa nane mchana vilichemshwa. Saa tisa vilikuwa vimepangwa juu ya meza, vikavu. Habumugisha aliinuka, akatoa picha, akaiweka kando ya mlango mmoja, mahali penye mwanga. Ndivyo alivyokuwa amefanya na ngozi mwezi uliopita, kipande baada ya kipande, na kila mara alikuwa na la kusema. Safari hii alitazama picha na chuma kwa muda, na Isidore, aliyekuwa akingoja hukumu, alielewa polepole kwamba mzee hajui. Ng'ombe wa kwanza angeweza kumchagua gizani. Huyu wa tatu alikuwa amekaa zizini kwake miaka mitano, na hakumbuki kama alikuwa mweupe zaidi tumboni, au kama pembe ya kushoto iliinama.

"Iko sawa?" alimuuliza fundi.

Isidore alilinganisha mwenyewe. Alisema iko sawa.

Walianza kufunga. Kazi ya riveti inataka mikono minne, na mzee alijitolea kushikilia mwili wakati Isidore akigonga. Kiganja chake kilikuwa juu ya bati, wazi, kikihisi kila pigo. Baada ya riveti ya sita alisema, bila kuinua uso:

"Haikuwa yangu ile ngombe. Ilikuwa ya mutoto. Sikumuuliza."

Nyundo ilikuwa juu. Isidore aliishusha taratibu bila kugonga. Mkono wa mzee haukuondoka juu ya bati.

Zilikuwa zimebaki riveti nane. Isidore alizigonga zote.